Ng'ombe wa Kweli Katika Zizi la Mchezo

Mama Perpétue, mpendwa mshauri wetu,

Naomba msaada wako, nami nakuandikia nikiwa nimesimama, kwa sababu tangu Jumamosi kukaa kumenishinda, natoka hapa Majengo naenda hadi mtaa wa Katindo bila shughuli yoyote, nafika, nageuka, narudi, na mke wangu amechoka kuniuliza natafuta nini.

Kazi yangu ni kusifu ng'ombe kwenye sherehe za mahari. Unaijua desturi yetu sisi tuliotoka milima ya Masisi: ng'ombe wa mahari akifika kwa wakwe, lazima asimame mtu amsifu pembe zake, mwendo wake na ukoo wake, lakini tangu vita vimalize mifugo kinachofika siku hizi ni bahasha, na bahasha haina pembe, basi mimi na mwenzangu Léocadie tunambuni ng'ombe palepale mbele ya watu. Tuna fimbo moja. Mwenye fimbo anasema, kisha anampa mwenzake, naye lazima apokee alichoachiwa na kukiongeza, hakuna kukataa, hakuna kujiandaa nyumbani, na ng'ombe wote ni wa kubuni.

Sheria hizo tulizitunga kando ya barabara kule Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, mwaka 2002, mlima wa moto ulipotapika na moto ukala nyumba zetu. Watoto wangu walikuwa wanalia njaa, na mama mmoja nisiyemjua aliyekaa mkekani karibu nasi akawaambia, “Musilie, ngombe yetu iko nyuma, inakuja polepole juu imevaa viatu ya talon, kisigino murefu.” Nami nikadakia kwamba imezuiliwa mpakani, inatafuta karatasi zake. Watoto wakacheka. Yule mama ndiye Léocadie, na huu ni mwaka wa tatu tunachekesha watu, na nikwambie kweli, sijui furaha inayozidi ile ya kumwachia mtu neno bila kujua atalipeleka wapi, halafu likurudie limenona.

Sasa shida yangu. Siku ileile Léocadie aliuliza ng'ombe wetu anaitwa nani, nami bila kufikiri nikasema Gaju. Gaju alikuwa ng'ombe wa kweli, wa baba yangu. Katika uasi wa 1998 watu wenye bunduki walikuja kumchukua, baba akashika kamba akakataa kuiachia, wakampiga risasi, wakaondoka na ng'ombe. Hayo sijamsimulia Léocadie hata siku moja. Nilipenda tu kumsikia Gaju akitajwa kwa kicheko, ilikuwa kama yuko.

Jumamosi iliyopita, kwenye mahari ya binti wa muzee Cyprien, nilimwachia Léocadie fimbo Gaju akiwa njiani anakuja, naye akasema Gaju alipowaona askari alijipaka poda, akawafuata kwa hiari yake, akawaacha wenye nyumba wameshika kamba tupu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilimnyang'anya fimbo, nikapiga kelele mbele ya wakwe wote:

“Kwenu muko bakulima ba maharagi, weye unajua nini juu ya ngombe?”

Aliniangalia. “Ile jina ni weye mwenyewe ulinipatiaka,” akasema. “Nimekukosea fasi gani?”

Niliitupa fimbo nikatoka. Juzi ameirudisha kwa mke wangu, bila salamu.

Jumamosi hii tuna sherehe mtaa wa Mapendo na wanatungoja sote wawili. Nimewaza niende peke yangu, au nimwandikie kwenye karatasi atakayosema, asitoke nje ya hapo. Lakini nikijaribu peke yangu nyumbani, nasema sentensi moja halafu najikuta nangoja. Mama, nifanye nini, naona aibu na bado nina hasira, na sijui hasira hii ni ya nani.

Éphraïm, Majengo

Papa Éphraïm,

Pole sana kwa baba yako. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu naona miaka yote hii hujampa mtu nafasi ya kukuambia pole.

Sasa kaa chini, maana nitakugombeza. Aliyevunja sheria ni wewe. Mlikubaliana ng'ombe wote wawe wa kubuni, ukaingiza wa kweli kimyakimya, ukamwachia mwenzako amchezee miaka mitatu akidhani mnacheza. Yeye alifanya alichotakiwa kufanya: alipokea, akaongeza. Angejuaje? Mficha maradhi, kilio humfichua, na chako kimekufichua mbele ya wakwe wa watu.

Na hilo la maharagi, kwa kweli nimeona haya kwa niaba yako. Mwanamke aliyewatuliza watoto wako kwa ng'ombe asiyekuwepo, wakati wewe umekaa hapo huna neno, unamwambia hajui ng'ombe? Wale watoto walikula nini siku ile kama si hilo?

Karatasi yako ichane. Ukishamwandikia ya kusema, utakuwa umejipatia kasuku, na utachoka naye kabla ya keki kukatwa. Ulichokipenda ni kutojua atasema nini. Basi siku moja atasema linalouma. Anayecheza na mtu hulipa bei hiyo, na anayeogopa aende kanisani akasome matangazo.

Fanya hivi. Nenda leo, mchana, na mkeo akusindikize. Anza na neno la maharagi, uombe radhi bila kueleza sababu. Kisha mwambie Gaju alikuwa nani, na umwachie yeye uamuzi kama mtaendelea kufanya kazi pamoja. Baadaye pita kwa muzee Cyprien, kwa maana walioona ukimfedhehesha wasikie pia kwamba umekosa. Akikataa kuja Jumamosi, waarifu watu wa Mapendo mapema watafute mwingine. Usiende peke yako ukitumia jina lake.

Na jambo la mwisho, ambalo kwa mtu wa ulimi kama wako litakuwa gumu. Usimsifu baba yako mbele ya Léocadie. Usitafute neno zuri. Sema tu alivyoshika kamba na alivyoanguka, kisha nyamaza, na usingoje aongeze kitu.