Buluu Iliondoka Kwanza

Mama yangu wa Moiben,

Tulikuzika Alhamisi, na tangu siku hiyo nimebeba maneno yasiyo na pa kwenda. Nimeamua kukuandikia wewe mwenyewe.

Unakumbuka ulivyoiomba ile picha. Kiprono, kitinda mimba wako na mume wangu, alikuwa na wiki moja tu kaburini baada ya homa ya mapafu kumchukua. Ulinisindikiza hadi barabarani ukasema, "Nitolee picha yake kubwa. Nataka nikiamka nimkute." Nilirudi mjini, mtaa wa Huruma, siku hiyo hiyo, kwenye chumba changu cha kupanga, nikawasha printa niliyokuwa nikichapishia watu kadi za harusi. Sikungoja kutafuta vifaa vizuri. Nilitumia wino wa kujazia, ule wa chupa, na karatasi iliyokuwepo. Alitoka akiwa mzima, Mama, na sweta yake ya buluu, nyuma yake mahindi na anga. Ukamtundika sebuleni karibu na mlango wa jikoni, moshi wa kuni ukimpitia asubuhi na jioni.

Mvua za masika zilipoisha nilikuja kukuona, nikakuta sweta imekuwa ya kijivu. Anga lilikuwa na rangi ya kutu. Uso wake ulikuwa umeiva, mwekundu, kama wa mtu anayezuia maneno mdomoni. Wewe uliketi ukimtazama, chai imepoa mbele yako.

"Anakasirika," ukasema. "Kila wiki anazidi. Kuna kitu umemfanyia?"

"Hapana, Mama."

Nilidanganya. Mwezi huo huo Ouma, fundi seremala wa mtaani kwetu, alikuwa ameanza kupitia kwangu Jumapili kunywa chai, na mimi nilikuwa nimeanza kumsubiri. Hakuna mtu wa Moiben aliyejua. Nilihamisha kiti changu nikakaa mahali ambapo Kiprono hangeniona.

Mjini nilimwendea mzee anayeniuzia wino, nikamweleza. Alicheka. "Huo wino ni rangi iliyoyeyushwa majini. Unazama kwenye karatasi, halafu hewa na moshi vinaula polepole. Buluu huondoka kwanza. Nyekundu ikibaki, mtu wako ataonekana ana hasira na dunia nzima." Akanionyesha wino wa aina nyingine, wa chembe ndogo ndogo zinazokaa juu ya karatasi, na karatasi nzito ya picha. "Hii itakuzika wewe," akasema. Nilimwamini kila neno. Hata hivyo, Jumapili iliyofuata nilimwambia Ouma asije.

Nikamchapisha Kiprono upya, nikakuletea. Ulishusha picha ya kwanza, ukaziweka zote mbili mezani, ukaziinamia kwa muda mrefu.

"Huyu hajui bado," ukasema, ukigusa ile mpya.

"Hajui nini, Mama?"

"Kwamba umepata mtu."

Nani alikuambia? Mpaka leo sijui. Hukupaza sauti. Uliibeba ile ya zamani hadi dirishani ukanionyesha mashavu yake: wekundu nao ulikuwa umeanza kufifia.

"Huyu alijua, akakasirika, na sasa anapoa. Niachie huyu. Huyo mwingine mpeleke kwako, umwambie mwenyewe."

Nilimwambia, Mama. Nilimtundika Huruma nikamwambia kwa sauti, peke yangu chumbani, nikijiona mwendawazimu. Hakubadilika. Miaka imepita, sweta ni ya buluu vile vile, na anatabasamu vile vile Ouma, ambaye sasa ni mume wangu, anapovua viatu mlangoni. Kuna siku natamani angefifia hata kidogo.

Baada ya mazishi shemeji zangu walinipa ile ya kwako, kwa kuwa mimi ndiye niliyeichapisha. Nimeitazama leo asubuhi. Karatasi imekuwa nyeupe. Kiprono hayupo, yamebaki madoa mawili hafifu pale yalipokuwa macho, na hayo nayo ukiyatazama sana yanapotea. Nikafungua fremu ili nikisafishe kioo.

Ukingo mmoja wa karatasi ulikuwa umefichwa chini ya mbao. Haukuwahi kuona mwanga wala moshi. Hapo, upana wa kidole kimoja tu, rangi zote zipo kama siku nilipozichapisha: ubuluu wa mkono wa sweta, na juu yake vidole vitatu vimeukamata.

Ni vyako, Mama. Ninavijua vifundo vyake. Siku ya kupigwa picha ile mlisimama wawili shambani, na baadaye ukaniambia nikutoe, kwamba ulikuwa umefumba macho. Nikakukata, nikadhani nimekutoa kabisa. Kumbe miaka yote hiyo, yeye akiondoka rangi moja baada ya nyingine, wewe ulikuwa humo ndani ya mbao, umemshika.

Nimeirudisha kwenye fremu kama ilivyokuwa. Hii sitaichapisha tena. Nilikaa nayo magotini hadi Ouma akaniita mara mbili.

Lala salama, Mama. Huko mliko, usimwachilie.

Bado mkaza mwana wako,
Wanjiru wa Huruma