Papa Ni Huyu, Si Hii

Jumanne, 2 Juni 1981

Darasa la Sita, somo la papa. Nilitundika mchoro ubaoni. Niliuchora mwenyewe jana, sikukuu ya kitaifa. Mapezi yametoka vizuri. Jicho ni dogo mno.

Watoto wa mtaa huu hawajaiona bahari. Wanachokijua ni tangazo la sinema lililobandikwa ukutani, lenye papa aliyepanua kinywa. Wakitoka nje huumana mikono na kupiga kelele, "Papa! Papa!" Sipendi woga wa namna hiyo. Mtu akimwogopa kiumbe asiyemjua, huona ni halali kumuua.

Mutua, wa dawati la nyuma, akapaza sauti: "Manze, hii papa inaweza kumeza Odijo mzima!" Manze ni jamani, Odijo ni mwalimu, kwa lugha yao ya mitaani. Nilimsimamisha. Papa ana uhai. Huyu papa, hawa papa. Anaweza, si inaweza. Hii ni ya meza na kalamu. Darasa zima likarudia mpaka nikaridhika.

Kisha nikawaambia papa hawezi kunila, nyama yangu ni ngumu. Wakacheka. Kucheka ninaruhusu.

Alhamisi, 4 Juni

Leo nimewaeleza kazi yake. Hula samaki wagonjwa na wanyonge, bahari ikabaki safi. Hukua polepole. Nilipofundisha Kilifi niliwaona wavuvi wakimleta pwani na kumgawana wote, hadi ngozi. Kwingine hukatwa mapezi tu, akarudishwa majini angali hai. Darasa likaweka kalamu chini. Hata Mutua.

Ijumaa ya wiki ijayo ni siku ya wazazi. Nimetunga maneno machache ya kughani. Nimemchagua Nyambura. Hajawahi kuchaguliwa kwa lolote, lakini hamezi irabu. Alipolisikia jina lake alitazama nyuma, akidhani kuna Nyambura mwingine. Nimemwagiza akariri nyumbani kwa sauti.

Ijumaa, 5 Juni

Nyambura hakuja.

Jumatatu, 8 Juni

Sijapata kuona kisa kama hiki.

Mama Nyambura alifika asubuhi pamoja na wanawake wawili wa kanisani kwao, vitambaa vyeupe kichwani. Anauza viatu na mikoba ya ngozi katika soko la Kariokor. Tulikutana ofisini kwa mwalimu mkuu. Alisimama, akakataa kiti.

"Mwalimu, Papa ameuawa lini, na mbona sisi hatujaambiwa?"

Kumbe binti alikuwa akiosha vyombo huku akighani: "Papa anauawa! Wamemkata, wamemtupa baharini! Hana wa kumtetea!" Mama akaangusha mwiko. Alidhani ni Papa wa Roma, aliyepigwa risasi mwezi uliopita. Alipoambiwa ni maneno ya shuleni, akadhani tunamtukana.

Nikamweleza kwamba ni samaki. Hakuamini.

"Samaki ni hii. Mtu ndiye huyu. Mimi si mjinga, Mwalimu."

Mutua angeghani kwa Kiswahili chake kibovu, mama huyu angeelewa mara moja. Usahihi wangu ndio uliompotosha. Imeniuma.

Mwalimu mkuu akatoa shauri lake: "Si useme 'hii papa' tu, yaishe?" Nikakataa. Akaniambia nichukue ngeli zangu nikalale nazo. Shairi limefutwa. Darasa litaimba wimbo wa kunawa mikono. Nyambura alikuwa mlangoni, akasikia yote. Hakulia. Ingekuwa heri angelia.

Jumatano, 10 Juni

Nimekasirika siku mbili. Inatosha.

Baada ya vipindi nilikunja mchoro nikaenda Kariokor. Mama Nyambura alikuwa akishona kandambili za matairi. Niliutandaza mchoro juu ya viatu vyake. Akautazama sana.

"Kumbe ni samaki kweli. Sasa mbona unamwita kama mtu?"

Nilianza kumweleza kanuni. Nikaona macho yake yanahama, nikaacha. Nikamwambia kwamba papa wengi hawatagi. Hubeba mimba ndefu, wakazaa watoto wachache. Ndiyo maana wakivuliwa ovyo watakwisha.

Akaweka sindano chini.

"Mimba? Kama mimi?"

"Kama wewe."

"Basi ni huyu," alisema. Akamgeukia jirani yake wa mikoba: "Wewe! Njoo uone huyu mama!"

Miaka yangu yote ya kufundisha sijaeleza ngeli vizuri kama alivyoieleza yeye. Ameahidi kumwona mwalimu mkuu kesho. Nami nimekubali kuongeza neno moja mwanzoni: samaki. Ngeli sikuigusa.

Ijumaa, 12 Juni

Wazazi walijaa. Mwalimu mkuu aliruhusu, kwa shingo upande. Nyambura alivaa sweta iliyofuliwa, na viatu vipya vya ngozi. Aliposema, "Samaki papa anauawa," baba mmoja wa mbele akauliza kwa sauti: "Kwani hiyo kitu haili watu?"

Nyambura akakatiza shairi. Nilidhani amesahau. Nikashika kiti.

"Si hiyo kitu, mzee," akasema. "Ni huyo. Na mara nyingi hana haja na sisi. Sisi ndio tunaomla."

Ukumbi ukalipuka. Mama yake alipiga kigelegele kabla ya wakati, shairi likiwa nusu. Binti akasubiri kitulie, akaendelea hadi mwisho. Hakumeza irabu hata moja.

Nimefurahi. Naandika hivyo bila kupunguza.

Jumatatu, 15 Juni

Baridi. Chaki zimelowa.

Wakati wa mapumziko nilisimama dirishani. Mchezo umebadilika. Wengine wameshikana mikono, wao ndio wavu. Nyambura ni papa, anakimbia katikati. Wakamzingira. Mutua akajitupa mbele yao, mikono wazi.

"Mwachilieni, manze! Huyu ana mimba!"

Wavu ukafunguka. Akapita.

Nilitafuta kosa katika sentensi ile, kwa mazoea. Nikarudi mezani kusahihisha madaftari.