Mshipa wa Shingo Yako, Yaya

Kwako yaya Furaha, dada yangu mkubwa uliye mbali Kanada,

Tangu asubuhi mvua inanyesha hapa kambini Nakivale, na kila mwanamke anayepita na mzigo natoka mlangoni kumtazama shingo. Kukaa siwezi.

Unakumbuka njia ya shambani ilivyoteleza siku ile? Ulibeba gunia la mahindi mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama mama alivyotufundisha kule Kivu. Nilikuomba tugawane. "Wacha, nitabeba miye," ulisema. Mguu ukateleza, gunia likayumba, kamba ikakuvuta kichwa nyuma kwa nguvu. Hukuanguka. Ulicheka hata, tukaendelea.

Kesho yake ulishinda umeshika shingo upande wa kushoto. Kisha kichwa kikauma, kisha kope ya jicho la upande huohuo ikalegea. Mama jirani akaja na mafuta, akitaka kukupinda shingo mpaka mifupa ilie. Ulimsukuma mkono. "Inauma mingi, mama. Usiguse hii fasi." Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ukali wako.

Jumapili, kanisani, uliinua mkono wa kulia kuanzisha wimbo wa kwaya, ukashuka wenyewe. Mdomo ukaenda upande. Uliniita jina, nikasikia kama sauti ya mlevi. Watu walisema ni pepo, kwamba kiharusi ni cha wazee. Nilipiga kelele mpaka ikapatikana pikipiki ya kutufikisha kituo cha afya cha Base Camp, na kutoka pale gari la wagonjwa likatukimbiza hospitali ya Mbarara.

Daktari alijigusa shingo yake mwenyewe akinieleza. "Mshipa ya damu ilichanika ndani. Damu ikaganda hapo, ikapanda kwa ubongo. Asibebe mzigo kwa kichwa tena."

Ulijifunza upya kushika kijiko, kisha kusema. Neno lako la kwanza lilikuwa "Hapana!", ulipomwona nesi na sindano. Nililia huku nacheka.

Sasa uko huko Kanada, na mimi sijui nani anakubebea mizigo. Ukinipigia, katikati ya maneno unanyamaza, na mimi najiuliza: unatafuta neno, ao kiharusi kimekurudia? Naita "Yaya! Yaya!" mpaka majirani wanatoka nje. Nakuomba kitu kimoja. Neno likikukimbia, gonga simu kwa kidole nijue uko. Nitangoja, hata likichelewa.

Mimi mdogo wako, uliyemlea