Mkono Uliobaki Begani

Mama, Alhamisi ijayo mwaka unatimia tangu ututoke. Karatasi hii ya kumbukumbu yako, kama desturi ya hapa kwetu, tunaibandika getini, kwenye nguzo ya kituo cha basi na mlangoni pa duka la mikate, palepale zilipobandikwa ile ya siku arobaini na ile ya miezi sita. Karatasi za marehemu wengine ulikuwa ukizisoma ukiwa umesimama, ukizikosoa. Kwa hiyo tumejitahidi.

Ulikuwa Gergina, mke wa Nedelcho, mkata vitambaa kwenye kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na miwili. Ulikata makoti ya watu ambao hukuwahi kuwaona, na yaliwakaa. Mafundi wapya waliochora kitambaa kabla ya kukata uliwaambia, "Chaki ni ya waoga." Nyumbani mkate uliukata vivyo hivyo, vipande vya unene mmoja, na ole wake aliyeumega kwa mkono.

Ulipenda kahawa chungu, nyanya za bustani yako na kushinda ubishi. Cha mwisho ndicho ulichokipenda zaidi.

Mtaa mzima ulikuita kuchemsha ngano ya marehemu, ile inayoonjwa kaburini. Yako ilikuwa kavu, punje haishikani na punje, imenyunyiziwa kokwa za jozi zilizosagwa. Wala hukuficha siri: ngano ichemshwe jana, itandazwe kwenye shuka hadi ikauke, na sukari iwekwe dakika ya mwisho. Mdogo wako Zlatka aliiweka mapema, kwenye mazishi ya Bibi, mama yenu. Padri alipochota kijiko cha kwanza, sukari ilikuwa imeshatoa maji. Ukasema mbele ya kaburi, watu wote wakisikia:

"Zlatka, hii si ngano, ni uji wa mgonjwa. Hata leo umeona umwaibishe Mama?"

"Haya, fundi wa kila kitu," akakujibu, "baki na ufundi wako!" Akaiweka sufuria chini, akaenda zake.

Hamkusemezana tena. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tulilima miaka kumi na moja, na kapu hatukuliona.

Ulipokuwa umelala hospitali ulituagiza jambo moja tu: "Zlatka asiandikwe kwenye karatasi yangu." Tukaahidi. Mimi Ruzha, binti yako, ninayeandika haya kwa niaba ya wote, ndiye niliyekushika mkono nikiahidi.

Kwa ile karatasi ya siku arobaini tulitumia picha tuliyoikuta kabatini, chini ya mashuka. Una miaka thelathini hivi, unacheka. Tulipokwisha kuibandika ndipo tukaona kwamba begani kwako pana mkono usio na mwenyewe. Mama Dobra wa duka la mikate akauliza, "Huu mkono wa nani tena? Wa malaika?" Tukacheka, halafu tukaona aibu kucheka.

Siku hiyo ngano niliichemsha mimi. Ukweli usemwe: sukari niliiweka mapema, na ikawa uji. Hakuna aliyesema kitu, na hapo ndipo nilipojua hasa kwamba hupo. Nililia kwa ajili ya ngano, Mama.

Wiki iliyopita Mama mdogo Zlatka alifika na sufuria yake. Hakukubali kuketi.

"Ruzha, ya mwaka naichemsha mimi."

"Mama mdogo, tulimwahidi."

"Mlimwahidi jina. Sufuria hamkumwahidi."

"Na jina je?"

"Nalo nalitaka, mwanangu. Nina miaka sabini na minne. Watu wapite hapo getini wasome, wasijue kama Gergina alikuwa na mdogo wake? Hii miaka yote nimekaa kama mtu ambaye hakuzaliwa."

Akatoa bahasha. Ulimpelekea wewe, mwezi uleule wa mazishi ya Bibi, bila neno hata moja ndani. Ilikuwa nusu ya pili ya picha. Zlatka anacheka, amenyoosha mkono upande wako, na mkono unakomea kwenye kifundo.

"Kiganja changu kiko kwenu," akasema.

Baba alikwenda kabatini, akaleta nusu yako, akavaa miwani. Mkasi wako ulikuwa umeshuka moja kwa moja katikati yenu. Ulipofika begani ukapinda, ukazunguka kiganja chote hadi kwenye kifundo, bila kugusa kidole hata kimoja, kisha ukarudi kwenye mstari wake.

"Labda alikosea," nikasema.

"Nani, Gergina?" Baba akanitazama juu ya miwani. "Mama yako hakuwahi kukosea hata kola."

 Akazisogeza zile nusu mpaka zikagusana.

"Mdomo wake uliagiza hivi, mkasi wake vile," akasema. "Nimeishi naye miaka hamsini. Uaminini mkasi."

Kwa hiyo, Mama, ahadi tumeivunja, tena hadharani, kila mwenye macho asome. Tunaogopa kidogo. Kama umekasirika, utatuambia tutakapokutana, na bila shaka utashinda. Tumekukosa sana.

Jumamosi inayofuata, saa nne asubuhi, tutakuwa kaburini kwako, na majirani wote wanakaribishwa kuonja kijiko kimoja na kusema "Mungu amsamehe." Sukari itawekwa palepale, padri akiangalia. Picha iliyo juu ya maandishi haya ni zile nusu mbili zilizounganishwa kwa gundi. Alama ya mkasi inaonekana, na tumeiacha.

Utakumbukwa siku zetu zote na mumeo Nedelcho, wanao Ruzha na Kamen, mjukuu wako Yana, na mdogo wako Zlatka, ambaye mkono wake hukuutoa begani.