Bendera Mbili za Baba

Minyip, 29 Agosti

Mdogo wangu Callum,

Ngano imeota vizuri, na mbwa amezaa sita.

Hukutuambia kwamba timu yako huko Melbourne inakuacha, tulisikia redioni. Jumamosi tulitazama mechi yako ya mwisho kwenye televisheni. Baba alishika bendera zake za urefa wa golini katika mpira wetu wa Australia, kama siku zote: mbili kwa goli, moja tu, kwa pointi moja, mpira ukipita kando ya nguzo za kati. Shuti lako lilipita kando kabisa. Akapunga zote mbili.

"Baba! Tangu utotoni mwake hujawahi kumpendelea huyu."

"Nyamaza, Noreen. Refa ni mimi!"

Tangu siku hiyo, gari likikata kona kuja kwetu, anakimbilia barazani kuangalia kama ni wewe. Bendera zote mbili anazo mkononi.

Dada yako,
Noreen