Betri Ilikuwa Bado Nusu

Nyumbani kwa Mama,
chumba cha mbele, mezani pa cherehani.
Jumapili, jua limetoka.

Mpendwa mdogo wangu, Injinia wa ukoo,

Salamu nyingi zikufikie huko barabarani uliko. Natumaini u mzima, mgongo haukusumbui tena, na lile gari lako la kulala halivuji kama ulivyolalamika msimu uliopita. Natumaini unakula chakula kilichopikwa, si mikate mikavu ya kushushia na maji. Zile soksi za sufu nilizokufumia bado ziko miguuni, au umeshapoteza moja kama kawaida yako?

Sisi hatujambo. Shemeji yako hajambo, anapaka rangi nyumba za watu huku ya kwetu inabambuka. Mama hajambo. Neno hilo nimeliandika kwa kuuma meno, na sababu utaiona mbele, kwa hiyo usisome haraka haraka kama unavyosoma ujumbe wangu.

Salamu zimekwisha. Sasa kaa chini kama umesimama, maana nimekukasirikia, na si kidogo. Donge hili ninalo tangu juma lililopita. Nimelimeza na chai, nimelimeza na maji, halishuki.

Nianze na haki yako, usije ukasema Dada hana shukrani. Ulipokuja likizo ulifanya kazi. Ulipanda juu ya bati mwenyewe na jua la saa sita, ukafunga paneli, ukavuta waya mpaka kwenye inveta, kile kigeuza umeme ulichokifunga nyuma ya mlango wa jikoni, ukakaa sakafuni kutwa unaunganisha seli za betri moja moja ndani ya sanduku la mbao ulilopigilia kwa mkono wako. Yote hayo ulijifunza ulipolitengeneza gari lako liwe nyumba, na tulijivunia wewe. Majirani walikuja kuitazama ile inveta na taa yake ya kijani kana kwamba tumepata mtoto. Mama akawaambia, "Huyu ndiye kitinda mimba wangu," na wewe ukajifanya unatafuta bisibisi.

Kazi ya mtambo ule ilikuwa nini? Haikuwa televisheni. Ilikuwa mashine ya Mama ya oksijeni, ile inayonguruma kando ya kitanda chake tangu mapafu yalipomchoka. Umeme wa mtaa ukikatika, mashine inanyamaza. Ikinyamaza, Mama anaanza kuvuta hewa kwa mabega. Ndiyo maana ulijenga. Sote tulijua hivyo, na nilidhani nawe unajua.

Kabla hujaondoka uliifunga inveta kwa namba ya siri. Ukasema ni kwa faida yetu, kwamba humu ndani kila mtu atabonyeza bonyeza mpaka aiue. Ukabandika na karatasi: USIGUSE. Nilipokuuliza namba ni ipi ulicheka, ukasema, "Dada, wewe shona. Ikisumbua, nipigie." Basi nikashona. Ukamwambia na shemeji yako aurudishe zahanati ule mtungi wa oksijeni wa akiba, eti unakusanya vumbi tu, sasa tuna jua. Akaurudisha, akaubeba begani mwenyewe. Ndivyo tulivyokuamini.

Usilotuambia ni kwamba umeipangia betri isishuke chini ya nusu. Ikifika nusu tu, inveta inajizima, ili betri isichoke, iishi miaka kumi na mitano. Kwenye gari lako huo ni mpango mzuri. Umeme ukizimika, maziwa yako yanachacha, unasonya, unageuka upande wa pili unalala. Nyumba hii si gari lako, mdogo wangu. Humu kuna mtu anayepumua kwa waya.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mvua ilitushika juma zima, wingu limekaa juu ya paa kama kifuniko cha sufuria. Transfoma ya kona ikalipuka, umeme wa mtaa ukaenda zake. Hatukuogopa, si tuna Injinia? Nilizima friji, nikazima taa, nikashona kwa kukanyaga kwa miguu, nikaiachia mashine ya Mama kila kilichokuwemo. Alasiri moja nikiwa napindua kola ya sare ya shule, nikasikia inveta imelia mlio mmoja, kisha kimya. Kimya kile wewe hukijui, maana hulali humu.

Nilikimbia jikoni. Skrini inaonyesha betri ina nusu. Nusu nzima! Chaji ipo, imestarehe ndani ya sanduku lako la mbao, na chumba cha pili mama yetu anakosa hewa. Nikabonyeza, ikadai namba. Nikajaribu mwaka uliozaliwa wewe, nikijua unavyojipenda. Ikakataa. Nikajaribu mwaka wa Mama, ikakataa. Nikajaribu mwaka aliotutoka Baba, Mungu amrehemu, ikakataa na hapo hapo ikajifunga kabisa, ikaandika nisubiri. Nisubiri! Mimi!

Nikakupigia simu kama ulivyoagiza. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini yako hata kuinuliwa haikuinuliwa. Nilipiga, nikaacha sauti, nikapiga tena, nikaacha nyingine ninalia waziwazi.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, midomo ina rangi ya majivu. Na bado ananiambia, neno moja, pumzi, neno jingine, "Si kitu. Usimsumbue. Yuko kazini." Nikamkasirikia na yeye. Mama yetu ataomba radhi hata kwa kukosa pumzi.

Aliyemwokoa si wewe. Ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Shemeji yako alitoka mvuani na kandambili moja, akamkuta kinyozi yuko katikati ya kichwa cha mteja, na jenereta yake ndogo inanguruma nyuma ya kibanda. Yule mtu hakuuliza hata swali. Aliizima, akashika upande mmoja, na upande wa pili akashika mteja mwenyewe, kichwa kimenyolewa nusu, kitambaa bado kinaning'inia shingoni. Wakaitua uani chini ya upenu, mbali na dirisha, wakapitisha waya, na mashine ya Mama ikanguruma. Nilikaa sakafuni nimemshika miguu mpaka vidole vikapata joto. Mteja yule hakukubali kuondoka mpaka ahakikishe Mama anaongea vizuri. Alikaa jikoni kwetu hadi magharibi na nusu yake ya nywele, na hiyo ndiyo nusu pekee iliyonichekesha siku ile.

Mama alipopata sauti, jambo la kwanza alilosema ni kwamba usiambiwe. Ataumia, alisema, na yuko peke yake huko. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo nalijua vizuri, lakini nikamheshimu, nikafunga mdomo.

Kisha ukapiga simu. Unakumbuka? Ulikuwa umetoka huko kwenye mabonde yako yasiyo na mtandao, una furaha. Mama akaweka simu kwenye spika ili sote tukusikie. Hukumuuliza ameamkaje. Ulisema, "Mama, nasikia huko mvua ilikolea. Betri haikushuka chini ya nusu, sivyo?" Mama akanitazama, akanikamata kifundo cha mkono, na vidole vyake bado havina nguvu. Akakujibu, "Haikushuka, mwanangu." Na wewe ukacheka, ukasema, "Nilijua!"

Nilijua! Neno hilo nimelala nalo, nimeamka nalo. Na kweli haikushuka, Mama hakusema uongo. Betri yako ilitoka salama salimini. Ukaongeza kwamba umeona simu zangu, kwamba nilikupigia kama mtu anayedai, na kwamba utanitafuta ukipata nafasi. Zile sauti nilizokuachia hujazifungua mpaka leo. Naona. Ndiyo maana nakuandikia kwenye karatasi, kitu usichoweza kukipita kwa kidole gumba.

Niambie basi, kwa kuwa wewe ndiye mwenye hesabu: betri uliipangia miaka kumi na mitano. Mama ulimpangia mingapi?

Sisemi ulitaka mabaya. Ningejua kukuchukia, barua hii ingekuwa fupi. Lakini akili nyingi huondoa maarifa, na wewe akili zako zilifikiria kila kitu kilichomo ndani ya lile sanduku, zisimfikirie mtu aliye mwisho wa waya. Na mimi ninayelala chumba cha pili na kuisikia mashine ile kila ninapogeuka kitandani, mimi ndiye uliyeniona wa kubandikiwa karatasi. Nikikumbuka "Dada, wewe shona," uzi hauingii tena kwenye tundu la sindano.

Basi ujue nimegusa. Tulimwita fundi umeme, akaongea na muuzaji wa inveta, wakafuta kila ulichokipanga, namba yako na nusu yako pamoja. Sikwenda kushona. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fundi akieleza, na kila kitufe nilikibonyeza mimi. Sasa chumba cha Mama kina waya wake na swichi yake, na nyumba iliyobaki ina vyake. Betri ikifika nusu inapiga kengele, mimi nazima vingine vyote, na mashine ya Mama inaendelea mpaka chaji ya mwisho. Betri ikifa mapema, ife. Betri zinauzwa dukani. Ule mtungi wa akiba nao umerudi, umesimama nyuma ya mlango, na vumbi haulijui, naufuta mwenyewe asubuhi. Karatasi yako ya USIGUSE nimeikata iwe patani ya kukatia kola. Ni karatasi ngumu, imefaa.

Namba mpya si siri. Shemeji yako ameiandika ukutani juu ya inveta kwa rangi ya kijani iliyobaki alipopaka mlango, tarakimu kubwa kama bei ya nyama buchani, hata kinyozi anaweza kuisoma akiwa uani. Ni mwaka uliozaliwa wewe.

Usicheke, wala usijivune. Si mimi niliyeichagua. Fundi aliuliza tuweke namba gani, nikafungua mdomo nitaje yangu, Mama akaitaja hiyo kutoka kitandani, kwa sauti iliyonishangaza. Nilibisha, Mungu anajua nilibisha. Akasema, "Hiyo sitaisahau hata nikikosa hewa." Nikaibonyeza, tarakimu moja baada ya nyingine, machozi yananitoka kwa hasira.

Shemeji yako anakusalimu sana. Ameniomba niongeze kwamba yeye hana kinyongo, jambo ambalo limeniudhi vilevile. Kinyozi anakusalimu pia, ingawa hamjuani, na anasema kiti chake kinakusubiri ukija. Yule mteja wake alirudi kumaliziwa kichwa, na kila akipita anachungulia dirishani kumwamkia Mama. Majirani wote hawajambo. Mungu akulinde barabarani, akuepushe na usingizi kwenye usukani, na akurudishe nyumbani siku moja ulale walau juma zima kwenye mkeka kando ya kitanda cha Mama, uisikilize ile mashine.

Kwa sasa nataka kitu kimoja. Mama hajui kwamba nimeandika, na wewe usimwambie kwamba umeshajua. Mpigie simu, betri usiitaje. Muulize anapumuaje, kisha unyamaze mpaka amalize kujibu. Siku hizi anajibu polepole, usidhani simu imekatika.

Ni mimi dada yako,
ninayekupenda hata leo.