Yoramu wa Gulwe na Treni Isiyo na Breki

Ni mwaka mmoja sasa, Yoramu Castory, tangu Juni ile ya 1997 ulipoondoka bila kumuaga mkeo. Mke mwenyewe ni bibi yako Zipora, mwenye meno manne, lakini ulimchagua tangu unatambaa, na talaka hukumpa.

Bado anakusikia mlangoni: "Mke wangu, shikamoo."

"Marahaba, bwana usiyeleta hata sabuni."

Kumbe ugoro wake umeuficha ndani ya kofia, mchungaji asiuone.

Kazini, stesheni ya Gulwe, ulifunga behewa kwa behewa kwa mikono yako, kisha ukarudi kukagua tena huku ukipiga mluzi. Ndipo ikaja homa, fizi zikatoa damu, na ndani ya wiki chache tu saratani ya damu ikakumaliza.

Tulipokuzika, minong'ono ikaanza. Wazee wa Eliakimu, mchumba wa mdogo wako Erica, walikuja kuulizia ukoo, kama ilivyo desturi kabla ng'ombe hawajahama zizi. Wakasema, "Damu ya nyumba hii imeharibika. Posa ingoje." Erica akaacha kula.

Bibi yako hakungoja. Alipanda treni hadi Dodoma kwa daktari wako. "Mwanangu, nieleze kama unavyomweleza mjinga, maana ndiye aliyekuja."

Daktari akasema kipimo chako kilichopelekwa nje kimerudi. Ndani ya chembe moja ya damu, vipande viwili vya vinasaba vilikatika, vikaungwa pasipo pake. Chembe hiyo ikaanza kuzaana bila kukoma, mpaka damu nzuri ikakosa nafasi. Hukuzaliwa nayo, wala hakuna aliyekutupia.

"Yaani mabehewa ya treni mbili yamefungwa ovyo, injini ikaondoka, breki zikabaki stesheni?"

"Ndivyo, bibi."

Akarudi, akawaita wale wazee. "Kosa lilitokea ndani ya Yoramu, halikutoka kwangu wala halimo kwa Erica. Mkitaka kuogopa kitu cha ukoo huu, ogopeni mdomo wangu. Huo Erica kaurithi." Mzee Petro, babu yake Eliakimu, alicheka mpaka fimbo ikamdondoka.

Ng'ombe wamefika, Yoramu. Harusi ni Jumamosi. Bibi atacheza ngoma yake, kisha acheze na yako, magoti yapende yasipende. Na mwenye la kusema juu ya damu yako, aje alisemee mbele yake.

Wanaokukumbuka ni baba yako Castory, mama yako Emilia, Erica na Eliakimu wake, na mkeo wa meno manne.

Tutakukumbuka daima, na bila kunong'ona.